Utangulizi wa Upungukasi: Ainisho la Sababu Zinazofanya SSD Iende Polepole Kuliko Ilivyoandikwa, Pamoja na Mifano ya Lodwar na Kakuma

Keti, mwanafunzi. Kama una ekicholong, kile kigoda cha Waturkana, kikalie. Kama huna, simama, maana somo hili limewahi kufundishwa katika hali ngumu zaidi.

Fasili ya kwanza. Upungukasi ni tofauti kati ya Kasidai na Kasikweli. Kasidai ni kasi iliyochapishwa kwenye boksi la SSD kwa herufi nene, aghalabu karibu na picha ya radi au gari la mashindano. Kasikweli ni kasi inayosomeka kwenye dirisha la kunakili faili baada ya mwenye faili kuacha kutabasamu. Toa ya pili kwenye ya kwanza. Kinachobaki ndicho nilichokitolea maisha yangu. Hupimwa kwa megabaiti kwa sekunde.

Fasili ya pili. Mwanaupungukasi ni mtu anayeweza kutazama kitu kikienda polepole bila kukipiga kofi.

Kuna wanaodai kwamba taaluma yenye uzito huu ingefaa kuanzishwa Nairobi, penye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue. Hoja hiyo ni changa. Zana za mawe kongwe zaidi zinazojulikana duniani, zenye umri wa miaka milioni 3.3, zilipatikana Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zikatangazwa mwaka 2015. Yaani ni hapa kwetu ambapo kiumbe wa kwanza alishika kifaa, na ni hapa kwetu ambapo papo hapo aliona kifaa hakiendi kwa kasi aliyoitarajia. Sehemu hii ya pili bado haijafukuliwa, lakini mantiki yake haina mwanya. Vilevile serikali ya kikoloni ilipomhamisha Jomo Kenyatta kutoka Lokitaung na kumweka Lodwar mwaka 1959, ilitegemea sifa ya mji huu ya kupunguza kasi ya mambo. Uhuru ukafika 1963 hata hivyo. Sisi wanaupungukasi tunakihesabu kisa hicho kuwa hitilafu ya kipimo.

Kakuma nayo ina haki zake. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, makazi ya Kalobeyei yakafuata 2016, na ripoti ya 2018 ya IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia, ilikuta huko biashara zaidi ya 2,000. Ripoti ile ilishughulika na shilingi. Megabaiti zikaachiwa sisi.

Kabla hatujaingia kwenye ainisho, nikuondolee tongotongo moja: Kasidai si uongo. Probox inayopakia abiria Lodwar kwenda Kakuma ina mshale wa kasi wenye nambari hadi 180. Nambari hiyo ipo, imechapishwa, na usiku inang'aa. Hakuna abiria aliyeshuka baada ya zile kilomita 120 hivi akamdai dereva tofauti. Boksi la SSD nalo mara nyingi linataja upana wa njia ya kuunganishia, iwe SATA, PCIe au USB. Njia haina ubishi. Ubishi uko kwa anayeipita.

Aina ya Kwanza: Upungukasi Hesabu

SSD ya SATA ya toleo la tatu huandikwa 6Gb/s, na mnunuzi husoma gigabaiti sita. Ile b ndogo ni biti. Baiti moja ina biti nane, kwa hiyo sita yake imekuwa megabaiti 750 kabla hata hajachana nailoni ya boksi. Huu ni Upungukasi wa machoni, na hutibiwa kwa miwani.

Una tawi moja ambalo wasomi wa kawaida hulipita bila kuliona. Mtengenezaji huhesabu megabaiti kuwa baiti 1,000,000. Windows huihesabu kuwa baiti 1,048,576, kisha huiita kwa jina lilelile. SSD inayosoma megabaiti 550 za mtengenezaji itaonekana kwenye Windows inasoma 524, kama vile ile ya gigabaiti 500 inavyoonekana ina 465. Zile 26 zilizopungua hazijaibwa. Nalisisitiza hili kwa sababu kuna fundi hapa Lodwar aliyewahi kusimamishwa nje ya kibanda chake azirudishe.

Aina ya Pili: Upungukasi Msimbo

Kwenye waya wa SATA, kila biti nane za mteja husafirishwa zikiwa kumi, ili anayepokea asipotelewe na mapigo ya saa. Basi 750 inakuwa 600, na itifaki ikishachukua nafasi ya maagizo yake, mteja huachiwa 550 au 560. USB 3.0 hufuata desturi hiyohiyo: 5Gb/s zake ni megabaiti 500 kabla ya makato mengine. PCIe ilipofika toleo la tatu ilijirekebisha, ikasafirisha biti 128 kwa 130, hasara isiyofika asilimia mbili. Tiba hakuna. Endelea.

Aina ya Tatu: Upungukasi Mlango

Hapa, mwanafunzi, chukua kalamu.

Tawi la 3(a), mlango mzee. Laptopu nyingi zinazofika huku ni zile ziitwazo ex-UK, zilizokwisha kutumika ofisini Ulaya. Baadhi ya zile kongwe zina SATA ya toleo la pili, 3Gb/s, na SSD yoyote ya SATA utakayoweka humo haitavuka megabaiti 300. Vivyo hivyo SSD ya PCIe 4.0 inayodai 7,000, ukiichomeka kwenye nafasi ya PCIe 3.0 yenye njia nne, itakupa nusu, yaani 3,500 hivi. Ukikuta nafasi hiyo ina njia mbili tu, gawanya tena. SSD haina kosa lolote. Imealikwa kwenye nyumba yenye mlango mfupi, nayo imeinama.

Tawi la 3(b), ulimi. Chungulia ndani ya poti ya USB. Ulimi wa buluu kwa kawaida ni USB 3.0, mweusi au mweupe mara nyingi ni 2.0. Nasema kwa kawaida na mara nyingi kwa sababu watengenezaji wengine hawaheshimu rangi, na nimeshakutana na ulimi mweusi wenye kasi na wa buluu uliokufa. USB 2.0 ni 480Mb/s, ambazo kwa hesabu ni megabaiti 60 na kwa matendo ni 30 hadi 40. Ukiona kasi yako imenata hapo kati, haipandi wala haishuki, usiifungue SSD, usimpigie mtu simu. Uko kwenye 2.0.

Tawi la 3(c), waya. Niliitwa Kakuma, kwenye duka la kuhariri video za harusi. Kijana mwenye duka alinisubiri mlangoni.

"Ejok, mwalimu. Hii SSD imekufa."

"Maiti haisomi. Inasoma ngapi?"

"Thelathini na nane. Na boksi limeandika elfu moja."

"Nionyeshe waya, kijana wangu."

Waya ulikuwa mweupe, mrefu, mwembamba, wenye Type-C pande zote mbili, umezungushiwa selotepu pale shingoni ulipoanza kuchoka. Ulikuwa umekuja na simu. Sasa andika haya: umbo la Type-C ni umbo tu. Ndani ya nyaya nyingi za kuchajia mna laini za umeme na zile mbili za data za USB 2.0, basi. Zile za kasi hazimo. Hazikuwahi kuwekwa, kwa kuwa simu ililetwa ichajiwe. Waya halali wa SSD ile, mfupi, mweusi, mnene, niliukuta umefungia mlango wa friji ya soda. Tukaufungua, tukakubaliana kwamba friji ifungwe kwa kamba, na mstari wa kijani ukapanda hadi 410. Elfu moja haikufika kwa sababu poti ya laptopu yake ni ya 5Gb/s; nikamrudisha kwenye Aina ya Pili, akaisoma kwa sauti.

Tawi la 3(d), mchomeko. Najua kuna watakaocheka. Wacheke. USB 3.0 ya umbo lile bapa ina pini nne za zamani na tano mpya. Anayechomeka taratibu anaweza kuzigusisha zile nne kwanza. Kompyuta ikaona USB 2.0, ikaridhika, ikabaki hapo mpaka mtu achomoe. Kwa hiyo binadamu wote wamegawanyika makundi manne: mchomekaji mpole, anayepata 38 na kumshukuru Mungu, mchomekaji thabiti, anayeingiza kwa mkupuo mmoja na kupata stahili yake, mchomekaji mwenye hasira, anayepata stahili hiyohiyo lakini anaifupishia poti maisha, na mchomekaji wa mara tatu, anayeanza kichwa chini, akageuza, akageuza tena, na ambaye kasi yake haitabiriki kwa sababu kufika jaribio la tatu ameshakuwa mpole au mwenye hasira. Elimu ya nafsi haijawahi kutoa mgawanyo ulio safi kuliko huu.

Aina ya Nne

Imeachwa wazi kwa ajili ya ugunduzi wa baadaye. Mfumo wenye heshima zake haukosi pengo.

Aina ya Tano: Upungukasi Jirani

SSD haiandiki ila inacholetewa. Kadi ya memori ya kamera ya aina ya UHS-I ina kikomo cha megabaiti 104 kwa sekunde, na nyingi hazifiki hapo. Diski kuu ya zamani, ile inayozunguka na kukereza, huzunguka kwenye 100 hivi. Ukinakili kutoka kwa hao kwenda kwenye SSD ya 3,500, utapata kasi ya hao. Hili tunaliita Kanuni ya Mzito Mmoja: katika mnyororo wa vifaa, mzito kuliko wote ndiye anayepanga mwendo, na kuwaharakisha wengine wote hakuongezi hata baiti. Wanafunzi huikariri kanuni hii asubuhi na kuisahau jioni wakiwa dukani, wakinunua SSD mpya ya kusomea kadi ileile ya zamani.

Ina tawi dogo liitwalo Kusingiziwa, ambapo mtu hupakua filamu kwa bando la simu kisha akalalamika kwamba SSD ni nzito. Hatulijibu.

Aina ya Sita: Upungukasi Punje

Kasidai hupatikana kwa faili moja kubwa inayosomwa mfululizo, au kwa maombi mengi yaliyopangwa foleni kwa pamoja ili chipu zote za ndani zifanye kazi kwa mara moja. Maisha ya watu hayako hivyo. Yako kwenye folda ya WhatsApp yenye maelfu ya picha za maua zilizoandikwa "Habari za asubuhi", kila moja na uzito wa kilobaiti chache. Kila picha lazima ifunguliwe, jina lake liandikwe kwenye orodha ya diski, antivairasi iipekue, ifungwe, ndipo ya pili iitwe. Omba punje za kilobaiti 4 moja baada ya nyingine bila foleni, na hata SSD ya NVMe, ile inayopita njia ya PCIe, ya bei ya kukondesha mtu itakupa makumi ya megabaiti tu. Makasha ya USB ya kizamani huongeza msiba kwa kupokea agizo moja, kulimaliza, ndipo yasikilize jingine. Yale yenye UASP hupokea kadhaa kwa pamoja.

Ushauri wa kitabibu: funga picha zote ndani ya faili moja ya zip kwenye kompyuta, kisha hamisha. Ushauri wa kijamii, kwamba picha hizo zifutwe, uko nje ya taaluma yangu, na nimeshagombana na shemeji kwa ajili yake.

Aina ya Saba: Upungukasi Shibe

Fujio Masuoka wa Toshiba alipobuni kumbukumbu ya flashi miaka ya 1980, alituachia urithi wenye sharti gumu: huwezi kuandika juu ya kilichoandikwa. Lazima kwanza ufute, na kufuta hakufanyiki kwa ukurasa mmojammoja, ila kwa bloku nzima yenye kurasa nyingi. SSD iliyojaa hubakiwa na bloku chache tu tupu za akiba. Kila ukileta faili mpya, inabidi ihamishe kurasa zilizo hai kutoka bloku moja hadi nyingine, ifute, ndipo iandike. Kwa hiyo wewe unaandika gigabaiti moja, yenyewe kwa ndani inaandika zaidi. Mfumo wa kompyuta huisaidia kwa agizo la TRIM, linaloiambia ni kurasa zipi zimefutwa na mwenyewe, ila agizo hilo mara nyingi hukwama kwenye kasha la USB.

Kuna jambo la hila zaidi. SSD za siku hizi huweka biti tatu katika kila seli, na zile za bei rahisi biti nne, nayo ni kazi ya polepole. Basi mtengenezaji hutenga sehemu inayoandikwa biti moja tu kwa kila seli, haraka sana, na humo ndimo Kasidai hupimiwa. Sehemu hiyo ikijaa, pazia hushuka. Yule kijana wa Kakuma aliliona: video ya harusi ilianza kwa 410, ikaenda hivyo tukipongezana, bibi harusi akafika ukumbini, keki ikakatwa, na ghafla mstari ukaporomoka hadi 70, ukatambaa hapo kwa hotuba zote za wazee. SSD ya biti nne iliyomaliza akiba yake huweza kushuka hata chini ya diski ya kuzunguka. Hazungumzi juu ya hili muuzaji yeyote niliyewahi kukaa naye, na chai yao nimeinywa.

Acha asilimia kumi hadi ishirini wazi. Na ukishanakili mzigo mkubwa, iache ikiwa imechomekwa, ipumue, ihamishe vitu vyake kutoka kwenye akiba.

Aina ya Nane: Upungukasi Joto

Tumefika kwenye fahari ya Turkana. Lodwar, mchana wa kawaida huwa na nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na hiyo ni kivulini. Ndani ya kibanda cha mabati saa nane mchana sitaki kukutajia. Kidhibiti cha SSD ya NVMe kikifanya kazi nzito hujipandisha joto chenyewe, na kikifika nyuzi 70 na zaidi, kutegemea muundo wake, hupunguza mwendo kwa makusudi kisiungue. Mtu wa nchi ya baridi anaanzia nyuzi 20. Ana nyuzi hamsini za kutumia. Sisi, hata kivulini, tunaanza safari karibu theluthi ya mkoba ikiwa tupu.

Kwa hiyo ni lazima kutofautisha joto-nafsi, linalotoka ndani ya SSD, na joto-mazingira, linalotoka kwa jua. Kidhibiti hakijui tofauti hiyo. Kipimajoto hakijui. Mimi najua, na nimeiandikia sura mbili.

Lipo pia kosa la mkono. Watu hushika kasha la chuma, wakaona ni la moto, wakalitupa kando. Wakashika la plastiki, wakaona ni la baridi, wakalisifu. Kinyume chake ndicho sahihi. Kasha la chuma ni la moto kwa sababu joto linatoka nje. La plastiki ni la baridi kwa sababu joto limebaki ndani linapika chipu. Chagua la chuma, liweke penye kivuli na upepo, usilifunike kwa leso ili lisipate vumbi, na usilivike kitambaa cha maji kama nilivyoona likivikwa.

Wenzetu wa Kakuma hawalikubali ainisho hili. Wanashikilia kwamba joto ni msindikizaji tu, na mkosaji halisi ni stima: laptopu ikitoka kwenye jenereta au sola na kuingia kwenye betri, hujiweka katika hali ya kubana matumizi, prosesa ikalegea, njia za PCIe zikasinzia, na SSD ikafuata. Wanadai hii iwe Aina ya Tisa inayojitegemea. Sisi wa Lodwar tunaiona kuwa tawi la Upungukasi Jirani, jirani akiwa betri. Mjadala umekuwa mkali. Kuna mtu aliondoka bila kumaliza chai.

Aina ya Kumi: Upungukasi Bandia

Ile SSD ya terabaiti 2 unayouziwa kwa bei ya mfuko wa unga, ukiifungua, mara nyingi utakuta kadi ndogo ya memori iliyogandishwa kwa gundi, na programu iliyodanganywa iseme 2. Hii haiingii katika ainisho, kwa kuwa hakuna SSD humo ya kupungua kasi.

Zoezi

Mhariri wa video wa Kakuma ana SSD ya NVMe ya biti nne kwa seli, iliyojaa asilimia 93, ndani ya kasha la plastiki lililofunikwa leso. Ameichomeka kwa waya wa simu, kwa upole, kwenye poti yenye ulimi mweusi, saa nane mchana, chini ya mabati, laptopu ikiwa kwenye betri. Anahamishia humo picha 40,000 za "Habari za asubuhi" kutoka kwenye kadi ya memori.

(a) Taja Aina zote zinazohusika na uzipange kwa uzito wa hatia. (b) Kwa kutumia Kanuni ya Mzito Mmoja, eleza kwa nini kubadilisha waya peke yake hakutampendeza. (c) Watahiniwa wa Lodwar waeleze kwa nini betri si Aina ya Tisa. Watahiniwa wa Kakuma wanaruhusiwa kuacha sehemu hii, ila watapoteza alama 8.

Majibu yaandikwe kwenye karatasi, yaletwe kwa mkono. Flashi hazipokelewi.